Utani wa Mlango Uliofungwa

Nasikia siku hizi chuoni kwenu mna dawati la jinsia, mna kamati ya dawati, mna kamati ndogo ya kamati ya dawati, na mna fulana. Hongereni. Sisi hatukuwa na fulana. Tulikuwa na Nyanzobe.

Huyo Nyanzobe nitamleta sasa hivi. Kwanza mnijue mimi, maana kosa kubwa kuliko yote katika habari hii ni langu, na sipendi mwingine alichukue.

Nilianza ukufunzi katika chuo kimoja cha ualimu pembeni ya Tabora, upande wa Ipuli, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati kila mtu alikuwa Ndugu na kila jambo lilikuwa na kikao chake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya chuo kikuu ndani ya bahasha, na jibu la kila swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilizaliwa Gongoni, mwendo wa mguu tu kutoka hapo, lakini miaka mitatu ya Dar es Salaam ilitosha kunifanya niwatazame watu wa kwetu kama mfano wa kitabuni. Nilihoji kila kitu. Nilihoji kwa nini wanaume wanapiga ngoma wakati wanawake wanatwanga. Nilihoji kwa nini Mkuu wa Chuo ni Ndugu kama sisi lakini kiti chake peke yake kina mto. Hilo la pili halikunisaidia kazini.

Nikapewa ulezi wa wanachuo wa kike, kwa sababu nilikuwa mwanamke na nafasi ilikuwa wazi. Nilimwuliza Mkuu, "Mlezi anafanya nini hasa?"

Akafikiri. "Anahakikisha hakuna jambo."

"Jambo gani?"

"Jambo lolote."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alimaanisha asisikie jambo, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Chuo kilijitegemea, kama ilivyotakiwa. Tulikuwa na shamba la karanga, shamba la mahindi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa msituni. Asali ilichujwa katika stoo moja yenye mlango wa bati, na ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwa Bwana Kasubi, mkufunzi wa kilimo. Mnyamwezi wa hapo hapo, mcheshi, mwimbaji, mtu wa watu. Alipenda kuita mwanachuo wa kike akamsaidie kuchuja. Mmoja. Madebe kumi ya asali, msaidizi mmoja, mlango umefungwa eti nyuki wasiingie. Tulikuwa wakufunzi kumi na wawili wenye vyeti ukutani, na hakuna aliyeona ajabu. Wanawake walitoka mle wamenyamaza. Katika taarifa ya muhula mtu mmoja aliandika kwamba mradi wa asali unawajenga wanachuo katika utulivu. Mtu huyo ni mimi.

Aliyeona ni Nyanzobe. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, kiranja wa bweni, binti wa wafugaji wa Kinyamwezi wa Igunga, mrefu, na kicheko chake kilisikika mpaka kisimani. Hakusoma saikolojia yoyote zaidi ya ile niliyomfundisha mimi, ambayo ilikuwa ya kunakili ubaoni. Aliona uji. Asubuhi tulikuwa tukikoroga uji kwa asali ya chuo, na Mwanahawa, msichana mpole aliyetoka Pwani, alianza kusukuma kikombe chake pembeni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne Nyanzobe alimtilia uji kabla asali haijatiwa, akamwekea mbele yake, akaendelea kupiga soga na wengine. Mwanahawa akanywa.

Vijana wangu, mimi nilihudhuria semina nyingi baada ya pale. Sijawahi kuona mafunzo yaliyozidi kikombe kile.

Wala hakumwuliza kitu. Jumamosi mchana alikaa naye wakibangua karanga. Jumamosi ya pili vilevile. Jumamosi ya tatu Mwanahawa akasema. Nyanzobe alisikiliza, akamaliza karanga zilizokuwa mapajani, kisha akamwuliza ruhusa ya kuniambia mimi. Akaja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, amekubali nikwambie wewe. Wewe tu."

Nilisikia yote isipokuwa maneno mawili ya mwisho.

Sasa sikilizeni msomi anavyofanya. Msomi hakimbilii kwa mtu, anakimbilia kwenye ajenda. Siku zile tuliamini kwamba uovu ukiletwa mbele ya umma utayeyuka wenyewe, kwa sababu umma hauwezi kukosea. Basi katika Baraza la Chuo, chini ya ajenda ya kujikosoa, nilisimama na karatasi yangu.

"Ndugu Mwenyekiti, yupo mwanachuo mmoja wa kike, jina silitaji, kutoka Pwani, ambaye amefanyiwa mambo yasiyofaa katika stoo ya asali."

Chuo kilikuwa na wanawake hamsini. Kutoka Pwani alikuwa mmoja.

Vichwa vyote viligeuka pamoja kama vya gwaride. Mwanahawa alitazama meza. Bwana Kasubi hakugeuka, alicheka tu, akainuka taratibu huku anajipiga paja.

"Aa! Mla nazi wangu kanishtaki! Jamani, huyu si mtani wangu? Mzaramo huyu! Mimi mpagazi wake tangu kwa babu! Nisipomtania yeye nikamtanie nani, nyuki?"

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Kondo, mwanachuo wa kiume, Mzaramo naye. Wengine wakafuata.

Kwa ninyi mliozaliwa baada ya mambo haya kuwa somo la darasani: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka Pwani na pembe begani, wakipokelewa na kutukanwa na wenyeji wa kule. Mtani anakunyang'anya kofia njiani, unamlipa faini akurudishie, na huruhusiwi kununa. Ukifa, yeye ndiye anayehangaika na kaburi lako, huku anakusema vibaya. Mimi niliyaona mambo hayo kuwa takataka za ukabila, na nilikuwa nimeandika insha kuyapinga. Kwa hiyo sikuwa na la kujibu. Mkuu alikuwa nalo.

"Ndugu Mlezi ni msomi, na wasomi wetu huwa wanasahau kwao. Utani ni mila yetu, na taifa linajengwa juu ya mila. Tuendelee na ajenda inayofuata. Panya."

Panya wa ghala la mahindi walijadiliwa saa nzima na nusu. Walipata kamati.

Kesho yake mchana nilikwenda bwenini kuomba radhi, nikiwa na maneno yaliyopangwa vizuri. Nyanzobe alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kumwambia Mwanahawa kwamba..."

"Umeshasema, mwalimu. Hata wapishi wamesikia."

Baadaye akasogea, akanielekeza kwa kidole ndoo iliyofunikwa chini, nikakaa juu yake. Mwanahawa alikuwa anapanga nguo katika sanduku la bati. Treni ilikuwa kesho. Zilibaki wiki sita kabla ya kumaliza chuo, na kanuni ilikuwa moja: aliyeondoka bila ruhusa ni mtoro, na mtoro hana cheti. Kanuni haikuuliza unamkimbia nani.

Nyanzobe alikaa kitanda cha pili. "Unataka nini, Hawa?"

"Nataka kwenda kwetu."

"Haya. Na nini tena?"

Mikono ikaacha kukunja. "Cheti changu. Nimekisotea."

"Na nini?"

"Nisiwe naye chumba kimoja tena. Na mtu asiniulize tena, wala asinisemee."

Macho yake hayakunifikia. Hayakuwa na haja.

"Treni iko kesho, na wiki ijayo ipo," Nyanzobe akasema. "Nipe wiki. Ukiona bado, nitakubebea sanduku hili mwenyewe mpaka stesheni."

"Utaweza?"

"Mimi? Kwetu tuliwekwa duniani tubebe mizigo ya Wazaramo."

Mwanahawa alicheka. Kidogo tu, puani. Na mimi pale juu ya ndoo nikaelewa kitu ambacho insha yangu haikukifikia: kwamba ule aliousikia sasa ndio ulikuwa utani, na kile alichokisema Kasubi barazani kilikuwa kitu kingine kilichovaa nguo za utani.

Sanduku halikufunguliwa, lakini halikuondoka.

Tatizo lilikuwa mtihani. Mtihani wa vitendo wa kilimo ulitolewa na Bwana Kasubi mwenyewe, na ulifanyika stoo, mwanachuo mmoja mmoja, akieleza hatua za kuchuja asali. Bila alama hiyo hakuna cheti. Nilisema tuandike barua wilayani. Nyanzobe akaniuliza barua hiyo itapita kwa nani. Nikasema kwa Mkuu wa Chuo. Akanitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgonjwa.

Wakati huo wanawake walianza mtindo wao. Bwana Kasubi akiita mmoja, wanakwenda sita. Mara ya kwanza nilikuwepo. Walifika na machujio na ndoo, wanaimba wimbo wa kupalilia.

"Nimeita mmoja," Kasubi akasema.

"Ndiyo, mwalimu," akajibu Nyanzobe.

"Ninyi ni sita."

"Kazi ya mmoja ni ya wote, mwalimu. Si ulitufundisha wewe, kwenye kilimo cha ujamaa?"

Nani angewaadhibu? Kuwaadhibu watu kwa kufanya kazi kwa ushirikiano, mwaka ule, ingekuwa kujitafutia kikao.

Wanaume nao wakataka kusaidia. Waliunda Kikosi cha Ulinzi cha kuwasindikiza wanawake kisimani, chenye kamanda, filimbi na fimbo. Wiki haikuisha, wanawake wakaomba kusindikizwa ili wajilinde na Kikosi. Kikavunjwa. Nawaambia hili kwa sababu naona kwenye mabango yenu neno "walinzi" limeandikwa kubwa. Wanaume hawakuhitajika kisimani. Walihitajika barazani, pale walipocheka.

Nyanzobe alilijua hilo. Alimfuata Kondo shambani, mimi nikiwa mstari wa pili na jembe langu.

"Wewe ulicheka wa kwanza."

"Ulikuwa utani, dada. Mtani akisema unacheka."

"Haya. Nifundishe, mimi wa porini sijui. Kwenu utani unafanywa mlango umefungwa?"

Kondo alilima hatua tatu bila kuinua kichwa.

"Unafanywa watu wawili tu, mmoja hataki, hakuna wa kushuhudia?"

"Hapana," akasema. "Huo... hapana. Huo babu angeutoza faini."

"Basi mtoze."

Alitaka kukimbilia bwenini kumwangukia Mwanahawa miguuni. Nyanzobe akamzuia, akaenda yeye. Jibu alilorudi nalo nalikumbuka neno kwa neno: "Jina langu lisitajwe. Mimi sitakuwepo. Na Kondo asije kuniomba msamaha, akaombe ufunguo."

Wiki moja kabla ya mtihani walikuja wageni wa mkoa kutazama miradi. Mwanahawa siku hiyo alikuwa maktaba na rafiki mmoja, anasoma. Uani, mbele ya stoo, palikuwa na meza ya asali, vikombe, wageni wanalamba vidole. Bwana Kasubi alikuwa anaeleza, kifua mbele, ufunguo unang'aa. Kondo akajitokeza katikati ya watu, akauchomoa ufunguo shingoni mwake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nimekukamata, mpagazi!"

Wageni wakacheka. Kasubi akacheka pia. "Lete, Mzaramo. Nina wageni."

"Unakasirika, mtani?"

"Sikasiriki."

"Maana ukikasirika unalipa mara mbili."

"Kweli kabisa," akasema mgeni mmoja mzee, fundi kofia wa mtaa wa Ng'ambo pale mjini, aliyealikwa kama mwakilishi wa mafundi. "Ndiyo sheria. Mtoze, kijana!"

Mkuu wa Chuo akatabasamu kwa meno yote. Angefanyaje? Taifa linajengwa juu ya mila, alituambia mwenyewe.

"Faini yangu ndogo," Kondo akasema. "Mlango huu wa bati ung'olewe, upelekwe jikoni. Na mtihani wa asali ufanyike hapa hapa uani, mbele ya watu. Maana mimi utani ninaoujua ni wa barabarani. Utani wa chumbani, mlango umefungwa, na mtu mmoja hataki, huo Pwani hatunao. Ninyi wenyeji mnao?"

Mzee wa Ng'ambo alianza kucheka, akaacha katikati. Nyuma yetu wanawake arobaini na kitu walikuwa wamesimama na hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Katika wageni alikuwepo mama mmoja wa ofisi ya mkoa, hakuwa amezungumza tangu asubuhi. Aliutazama mlango, akawatazama wanawake, akaweka kikombe chini.

"Mkuu," akauliza, "kwani mtihani ulikuwa ufanyike wapi?"

Mkuu akajibu kwamba hilo lilikuwa linashughulikiwa.

Mlango uling'olewa mchana ule ule. Wapishi walianikia karanga juu yake mpaka nahama chuo kile. Mtihani ulifanyika uani, na yule mama wa mkoa akaleta mtahini wa pili. Mwanahawa alieleza hatua zote za kuchuja asali kwa sauti kavu, akiwa ameipa meza ya Kasubi bega, akapasi.

Msije mkadhani nawauzia dawa. Miaka mingi baadaye, chuo kingine, nilijaribu mchezo huo huo kwa mtu ambaye hakuwa na mtani yeyote wala haya. Tulicheka peke yetu. Pale waliosaidia walikuwa polisi, daktari, na dada mwenyewe aliyeamua kushtaki, na wenzake watatu waliokaa naye kwenye benchi la mahakama kila alipoitwa. Njia ni ya yule aliyeumizwa kuchagua. Kazi yenu ni kuzijua zote, na kwenda naye ile anayoitaka.

Wala msidhani haki ilitendeka. Bwana Kasubi hakushtakiwa. Alihamishwa kwa manufaa ya umma, akaagwa kwa barua nzuri, na umma wa kule alikopelekwa haukuulizwa kama unayataka manufaa hayo. Ofisi ilikuwa na barua yake. Nyanzobe naye aliandika yake, kwa viranja wa kike wa chuo hicho kipya, akaitia posta mapema. Ilimtangulia. Tuliambiwa kwamba wiki ya kwanza Kasubi aliita msaidizi mmoja, na walikuja tisa.

Nyanzobe mwenyewe nusura tumpoteze. Baada ya habari ile kila mwenye lake alikwenda kubangua karanga naye. Akawa anabeba ya watu kumi na mmoja, hali chakula vizuri, hisabati zinamshinda. Niligundua siku aliponiambia "mwangaluka", salamu yake ya asubuhi, saa kumi jioni. Tukagawana: wanne wasikilize kwa zamu, na wanne hao wawe na mtu wa kuwasikiliza. Huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimeshajifunza kukaa juu ya ndoo.

Siku ya kugawa vyeti nilimfuata Mwanahawa. Nilikuwa na msamaha wa kurasa mbili.

"Mwalimu," akasema, "ni hotuba?"

Nikazikunja. "Nilikosea. Lilikuwa lako, nikalitoa."

"Ndiyo," akasema. Hakusema si kitu. Alinipa mkono, akaingia treni na cheti chake, akafundisha watoto mpaka alipostaafu.

Mwaka huu mlipoomba niwaandikie, nilimwandikia kwanza yeye. Mwanahawa si jina lake. Alijibu kwa ufupi: niandike ya Nyanzobe, niandike ya Kondo, niandike ujinga wangu wote bila kuupunguza. Kilichotokea stoo nisikiandike, ni chake.

Kwa hiyo hicho hamkukipata, na wapo kati yenu ambao tangu mwanzo wamekuwa wakikisubiri. Najua, maana nilikuwa kama ninyi. Kaeni chini mjiulize mlikuwa mnakitakia nini. Halafu nendeni mkavae fulana zenu.